Thermostat niliyoichemsha sufuriani, na bibi harusi aliyekwama njiani kwenda Ipole

Wakuu, salaam. Vijana, marahaba.

Nitenganishe mambo kwanza. Kwamba gari langu lilichemsha, nimeona. Kwamba "nchi ya joto haihitaji thermostat", nimesikia tu, kwa karibu kila fundi hapa Tabora.

Jumamosi nilipaswa kumpeleka mpwa wangu kanisani Ipole. Ndiye bibi harusi, na gari la kumbeba ni langu.

Siku chache kabla, nikitoka Igalula, geji ya joto ikapanda hadi kwenye nyekundu. Injini inaunguza, rejeta iko baridi. Maana yake thermostat, ule mlango unaofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda kwenye rejeta, imekwama na maji hayapiti.

Fundi akasema, "Mzee, tuing'oe tuitupe."

Nikamwuliza amelisoma wapi hilo.

"Wote tunafanya hivyo."

Nikaondoka na gari langu.

Nyumbani niliifungua mwenyewe, mke wangu akinishikia boliti. Nikaitumbukiza katika sufuria yake ya maharage. Maji yalitokota, haikufunguka. Nikanunua mpya, nayo nikaichemsha. Ikafunguka vizuri! Nikamwita aje ashuhudie sayansi. Akaulizia sufuria yake.

Wakati naifunga, springi ikitazama nje, akasema, "Baba Stella, ile ya zamani springi yake ilitazama ndani, kwenye injini."

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu. Wewe ulikuwa unafuta miwani."

Nikamjibu kwamba uvumi si ushahidi. (Wakuu, mtu ameona, mimi namwita mvumishaji.)

Jumamosi, hatujafika hata Sikonge, mvuke ukafunika kioo.

"Mjomba, mchungaji ana ibada nyingine mchana. Hatatungoja," bibi harusi akasema, machozi yakimlengalenga.

Kutoka kiti cha nyuma mke wangu akasema, "Kaiulize sufuria."

Injini ilipopoa, nilivua koti, nikafungua, nikaigeuza ile springi ikatazama injini. Rejeta nikaijaza maji ya kunywa ya wapambe, ambao hawakunitazama kwa upendo.

Nilichojifunza: kupima kifaa ni vyema, lakini kitazame kilivyokaa kabla hujakitoa. Na kama hukutazama, msikilize aliyetazama, hata kama ni mkeo.

Waliowahi kufunga thermostat kinyume kwa mikono yao wenyewe, karibuni mseme. Wenye habari za shemeji wa jirani, tafadhali someni tu.

Nilipozima gari mlangoni pa kanisa mshale wa geji ulikuwa katikati, kwaya ilikuwa bado inaimba, mchungaji hajaondoka, na bibi harusi aliingia ndani akiwa na maji ya rejeta kwenye pindo la gauni.