Uso wa Kinyaa

Mwalimu wa Kiingereza wa madarasa ya jioni hafundishi neno kwa mdomo mtupu. Wiki hii wamefika kwenye maneno ya kinyaa, basi yeye hukunja pua, hupindua mdomo wa chini, kisha husema "disgusting" kana kwamba amekanyaga uozo. Darasa zima, watu wazima na ndevu zao, hukunja pua pamoja naye na kuvunjika mbavu. "Uso kwanza, neno baadaye," huwaambia, huku akipangusa vidole kimoja kimoja kwa leso. Fundi cherehani wa dawati la mbele alimhesabu kuwa mtu asiyeweza kugusa hata kitambaa chenye vumbi.

Jumamosi fundi alimpelekea mwalimu nyumbani gauni alilomshonea. Alipoingia uani alisikia maji yakikamuliwa nyuma ya pazia la dirisha. Mwalimu alikuwa akimsafisha mumewe aliyepooza.

"Huoni kinyaa, mama watoto?" mzee aliuliza kwa ulimi mzito.

"Kinyaa nakifundisha tu," mwalimu alimjibu kwa kicheko. "Nyumbani sikileti. Haya, geuka, bwana harusi wangu."

Mzee naye akacheka.

Mwalimu akatoka na beseni, asimwone fundi aliyejibanza ukutani. Akamwaga maji, akasimama. Pua ikajikunja, mdomo wa chini ukapinduka, uso ule ule wa darasani. Fundi akangoja neno, kama alivyozoea. Neno halikuja. Yalikuja machozi, na mwalimu akalikumbatia beseni kifuani, akaliuma ukingo, ili kilio kisifike dirishani.