Namdanganya Turufu Mudiri Wangu wa Zamani

Admin, nifichie jina, maana Muscat hapa sote twajuana. Nna miaka sitini na moja, mwanamme, nimestaafu serikalini, nakaa Mawaleh. Mtanitukana, najua, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Mie starehe yangu karata, wahedi wa sitini. Pesa hatuchezei, haramu. Anayefungwa ndiye anayewatilia wenziwe kahawa, na kuchekwa juu yake. Nilikuwa na barza mbili za kuchagua, zote Jumatatu baada ya laasiri. Ya Hail wanacheza watu wakali, kila wiki nafungwa mie, mdila wa kahawa mkononi mwangu. Ya Al Khoudh ni kwa mzee mmoja aliyekuwa mudiri wangu, mkubwa wangu kazini, sasa anasahausahau. Nikachagua Al Khoudh, kwa sababu huko nashinda. Na kwa sababu mtu yule alinitesa miaka kumi na miwili, akinirushia mafaili mbele ya makarani wadogo.

Mzee katikati ya mchezo huuliza turufu nini. Siku moja turufu ilikuwa shupaza, nikamwambia kopa. Akazitupa kopa zake kwa raha zake, tukazila zote, watu hawana mbavu, hata mwenzake wa upande wake. Basi ikawa ndio mtindo. Kila Jumatatu anafungwa, anainuka na mkongojo wake, anatutilia kahawa nyumbani kwake mwenyewe, na mie namwambia kikombe hakijajaa. Wallahi nilikuwa nafurahi.

Jumatatu moja bintiye akanifuata mpaka kwenye gari. Akasema, ami, baba hana pengine pa kwenda, mchezeni kwa haki au msije. Nikamjibu mzaha wa wazee haumhusu, nikatia gari moto nikaondoka.

Jumatatu iliyopita wenzetu walitoka kwenda kutawadha, tukabaki wawili. Mzee akanishika mkono.

"Turufu naijua," akaniambia. "Lakini nikikufunga wewe hutokuja tena, na hawa wanakufuata wewe."

 Nikakusanya karata nikazichanganya, wenzetu wakarudi, tukacheza, na akafungwa tena.

Sasa watu wa Hail wameniita, wamepungukiwa mmoja. Nikenda, barza ya mzee imevunjika, maana waliobaki hawatimii wanne na hakuna wa kuwakusanya. Nikibaki, nitamtazama kwa jicho gani?

Na niwaambieni kitu kimoja, mnichukie vizuri. Kinachonikosesha usingizi si kwamba nimemdhulumu mgonjwa. Ni kuwa ushindi wote ule alikuwa akinipa yeye, kama alivyokuwa akinipa likizo akipenda. Nimestaafu, naye hajui leo tarehe ngapi, na bado ni mudiri wangu.

Leo Jumapili. Ndugu zanguni, nambieni, kesho nende wapi?