Sungura Aliyelishwa Ugali

"Wewe uliyesoma, hebu niambie. Anakula kilekile tunachokula sisi, tena anakula wa kwanza. Mbona tumbo linamkataa?"

Mama aliniuliza hivyo kabla sijaweka sanduku chini. Nilikuwa nimeshuka kwenye gari la moshi kutoka Kampala, likizo ya chuo kikuu imeanza, na vumbi la safari lilikuwa bado kwenye nywele zangu. Alikuwa amechuchumaa kando ya jiko. Mbele yake, juu ya gunia lililokunjwa, aliketi sungura wa kijivu, amejikunyata kama mtu anayesikia baridi. Manyoya ya nyuma yalikuwa yameshikana kwa kinyesi laini. Nilimtazama sungura, nikamtazama Mama, nikaweka sanduku chini.

Sungura huyo alikuwa wa ndugu yangu, kitinda mimba wetu. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba moja ya Wazungu, na wenye nyumba walipohama walimwachia sungura wa mtoto wao. Ndugu yangu alimbeba ndani ya shati kutoka huko kwenye majumba ya bustani mpaka kwetu lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika, akamjengea kibanda cha mbao chakavu, akawa anatoka kila asubuhi kumkatia nyasi kando ya reli. Kisha ndugu yangu akashikwa na kuharisha, akafa. Mimi nilikuwa chuoni. Habari ilinifikia akiwa ameshazikwa, na kati ya vitu vyake vyote, kilichobaki kikipumua kilikuwa huyo sungura.

Wazazi wangu walitoka magharibi, walikuja kutafuta kazi Sisibo, kama wazee walivyouita mji wa Eldoret. Kwetu, nyumba yenye msiba haimwachi mtu ajitafutie chakula. Waliofiwa hulishwa, na chakula maana yake ni ugali. Ukila viazi, ukila mkate, ukila ndizi mpaka ukashiba, bado mtu atakuuliza kama umekula. Mama alimhesabu sungura miongoni mwa waliofiwa. Baada ya mazishi alimtoa kibandani, akamwingiza ndani, na hakumrudisha tena. Nyasi akaacha kumpa.

"Nyasi ni za ng'ombe," alisema. "Huyu ni mtu wa nyumba hii."

Kwa hiyo sungura alikatiwa tonge lake la ugali kabla ya Baba. Asubuhi alipewa mkate uliochovywa kwenye chai ya maziwa. Baba, aliyefanya kazi kwenye kinu cha ngano, naye alianza kurudi jioni na pumba mfukoni mwa koti, akizimwaga kwenye kisahani kana kwamba zilijiingiza mfukoni zenyewe.

Katika umri ule nilihoji kila kitu. Nilihoji mahubiri, nilihoji magazeti, nilihoji kwa nini Mwafrika ashuke kwenye njia ya miguu anapopita Mzungu. Nilihoji hata Mungu, ingawa kwa sauti ya chini nikiwa nyumbani. Lakini juu ya tumbo la sungura sikuwa na hata swali zuri la kuuliza. Nilichoweza kuona ni kwamba vile vidonge vigumu vya mviringo ambavyo ndugu yangu alikuwa akivifagia kibandani havikuwapo tena. Kulikuwa na uji mweusi wenye kunuka, na kati ya uji mmoja na mwingine, hakukuwa na kitu.

Jirani yetu, mama mmoja Mnandi, alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa lala wanayoyahifadhi kwa masizi.

"Hodi humu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi?" Baba aliuliza.

"Nyumba hii ina mgonjwa mmoja tu mwenye blanketi yake."

"Usicheke, mama. Kesho ataomba koti langu."

"Mpeni haya. Yametuliza matumbo ya wazee wetu wote."

"Wazee wenu walikuwa na masikio marefu hivi?"

Jirani alicheka mpaka akashika mlango. Mama naye alicheka kidogo, akafunika mdomo kwa kiganja haraka, kama mtu aliyejisahau kanisani. Sungura alinusa maziwa yale, akageuza uso.

Ndipo jirani akasema neno ambalo kila mtu pale lokesheni angelisema. "Basi mfungieni chakula, na maji pia mmfungie. Tumbo la kuharisha ukiliongezea maji ni kama kumwagilia bustani."

Baba akaitikia kwa kichwa. Hayo ndiyo tuliyokulia. Mtoto akiharisha, hufungiwa maji, hapewi kabisa, mpaka tumbo lijifunge.

"Chakula nitamfungia," Mama alisema. "Maji hafungiwi."

"Lakini, mama, kila mtu anajua..." jirani alianza.

"Nimesema hafungiwi."

Hakupaza sauti. Lakini jirani alichukua kibuyu chake, na Baba akatoka nje kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Mama alichota maji kwa kijiko cha chai, akamfungua sungura mdomo pembeni kwa kidole, akamtilia tone kwa tone. Maji yalimwagika kifuani mwa mnyama, naye akampangusa kwa pindo la leso, akaanza tena.

"Mama, mbona ushauri wao wa chakula umeukubali, na wa maji umeukataa?" nilimuuliza. "Ni ushauri uleule."

"Wewe na maswali yako. Nipe kikombe hicho."

Kesho yake tumbo la sungura lilikuwa gumu. Ukiligonga kwa kidole lilitoa sauti kama ya ngoma ndogo. Alisaga meno, sauti nyembamba kama ya mtu anayetafuna mchanga, na hakutoa kinyesi cha aina yoyote. Mama aliacha kwenda kufua. Alikaa naye mapajani akimsugua tumbo kwa kiganja kuelekea chini, vile ambavyo wanawake wa kwetu huwasugua watoto wachanga, huku kikombe na kijiko vikiwa karibu.

"Akienda huyu," aliniambia bila kuniangalia, "sitakuwa na chochote kilichoguswa na mwanangu na bado kina joto."

Mchana alimweka chini ili ainue sufuria. Sungura alijikokota polepole mpaka nyuma ya mlango, ambako godoro la ndugu yangu lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kamba. Lilikuwa godoro la nyasi kavu, kama magodoro yetu yote, na kona moja ilikuwa imechanika. Alivuta unyasi mmoja, akautafuna mpaka ukaisha. Akapumzika. Akavuta mwingine.

Nilitaka kumwondoa. Mama alinishika mkono.

"Mwache. Mwenyewe anamlisha."

Alikula godoro lile jioni yote, na asubuhi tukalikuta shimo limepanuka. Sakafuni kulikuwa na vidonge. Vichache, vidogo, vingine vimeungana kama shanga, lakini vilikuwa vigumu. Mama aliviokota akaviweka kiganjani, akaviita baraka. Baba alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi, akasema asante Bwana kwa ajili ya mavi, kisha akajishangaa mwenyewe kwa kusema hivyo.

Mimi sikuamini. Huenda zilikuwa nyasi. Huenda ilikuwa kule kusuguliwa, au maji, au tumbo lilikuwa tu limechoka kuumwa. Nilimwambia Mama tumpe nyasi kavu peke yake wiki nzima, bila kitu kingine, tuone.

"Tuone nini? Huyu ni somo lako?"

"Tujue kilichomponya, Mama."

"Kilichomponya nakijua."

Hapakuwa na njia ya kubishana na hilo. Tena kulikuwa na desturi. Kwetu mgonjwa akiinuka hulishwa mpaka wanaomtazama waridhike, maana mwili uliotoka ugonjwani ni kama nyumba iliyovuja, lazima izibwe upesi. Mtu aliyepona akipewa chakula kidogo, watu husema nyumba hiyo ilikuwa inamngoja afe. Sungura alipoanza kurukaruka na kusimama kwa miguu ya nyuma akinusa meza, Mama alipika ugali wa unga mweupe laini, ule wa wageni. Alichemsha kabichi kwa maziwa. Aliita jirani. Baba alileta pumba, safari hii kwenye mfuko wa karatasi, hadharani.

Sungura alikula kila alichopewa. Alikuwa na njaa ya siku zote zile, na Mama alikaa karibu naye akiongeza, huku akisema polepole, "Kula, baba. Kula." Ndivyo alivyokuwa akimwambia ndugu yangu.

Tumbo lilivimba kesho yake mchana. Safari hii alilala ubavu, masikio yamepoa kabisa. Nyasi nilizomwekea mdomoni zilibaki pale pale. Mama alirudi kwenye kijiko na kikombe. Alimtilia maji, yakatoka. Akamtilia tena. Baba alimwambia, "Mama watoto, imetosha," naye akaendelea kana kwamba hakusikia. Sungura alitupa miguu mara moja, akanyooka. Mama alitia kijiko kingine cha maji kwenye mdomo ule, akangoja kuona kama yatamezwa.

Tulimzika nyuma ya choo kabla jua halijatua. Mama hakulia, wala hakuniuliza tena chochote kuhusu vitu nilivyosoma. Jumatatu alirudi kufua nguo. Nami nikarudi chuoni na maswali yangu, na moja kati ya hayo lilikuwa dogo na la kuudhi, nalo sikupata wa kumuuliza. Mwanamke aliyefuata kila desturi yetu mpaka ya mwisho, aliwezaje kuikataa ile moja tu?

Miaka mingi ilipita. Mama mwenyewe alikuwa ameshakufa, nami nilikuwa nimekaa kwa mama mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa na dada yake wakati ndugu yangu anaugua. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilimsimulia habari za sungura, nikitarajia acheke. Aliweka gunzi chini. Akaniambia kwamba dresa wa zahanati, yule msaidizi wa daktari, alikuwa amemwamuru Mama asimpe mtoto maji hata tone mpaka tumbo lijifunge, na kwamba Mama alitii. Ndugu yangu aliomba maji tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka, na Mama alikuwa amekaa nje, amekumbatia mtungi, ili mtoto asiuone.