Hongera, Dada Sharifa

Ukitaka kumwona Sharifa Nalinga akikasirika, mwambie hongera. Mwambie tu hivyo, hongera dada, halafu umtumie na kaua kadogo kwenye simu, uone atakavyokutazama mkikutana.

Hakuzaliwa hivyo. Ni fundi cherehani pale Rahaleo, Mtwara mjini, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, na wazazi wanaompelekea watoto wa kupimwa wanamjua kwa maneno mengi na vicheko. Mteja akimwambia suruali inabana makalioni, hanuni. Anaigeuza nguo, anafumua, anashona upya, na mteja anaondoka ameridhika. Ndivyo anavyoielewa kazi yoyote ile. Nguo ikipinda lazima mtu aseme imepinda, la sivyo mtoto wa watu ataivaa hivyo hivyo mwaka mzima na wenzake watamcheka.

Kamera aliipata ukubwani. Mhandisi mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye mtambo wa gesi huko Madimba alihamishwa, akawa anauza vitu vyake vya nyumbani, na Sharifa aliyekwenda kutafuta meza akarudi na kamera. Akaanza kwa kupiga picha za sare zake ili wateja wazione. Kisha akapiga vifungo, kisha mikono ya wateja, kisha jua likiingia dirishani na kuanguka kwenye uzi. Baada ya hapo akashindwa kuacha. Ndipo akaingia kwenye kundi la Jicho la Kusini.

Hilo ni kundi la watu wanaopiga picha kwa kuipenda tu, si kwa kazi. Wengi ni wanaume: walimu, watu wa bandarini, watumishi wa ofisini. Kiongozi wao ni Innocent, mtumishi wa serikali aliyehamia Mtwara kutoka Kagera, mtu mpole, nadhifu, anayenyoosha shati lake mpaka mikunjo inaogopa. Utaratibu wao ni kwamba kila juma mwanachama mmoja anaweka picha yake kwenye WhatsApp na wengine wanaichambua. Wenyewe wanaita kuanikwa, kama korosho zinavyoanikwa juani. "Juma hili anaanikwa nani?" wanaulizana, na mwenye zamu yake moyo unamdunda.

Erasto, mwalimu wa hesabu, alipoweka picha yake ya mashamba ya chumvi, walimwanika haswa. Mmoja alimwambia upeo wa macho umelalia upande, chumvi yote inataka kumwagikia baharini. Mwingine akamwambia mwanga umezidi, arudi asubuhi. Innocent aliandika aya nzima kuhusu kivuli cha mtu aliyesimama pembeni, kwamba kinavuta jicho kuliko mtu mwenyewe. Erasto alibisha, akanuna, akarudi kwenye chumvi yake. Picha aliyoileta baadaye ilikuwa nyingine kabisa, na Sharifa aliiangalia kwa wivu ambao hakuuficha.

Zamu yake ilipofika, akaanika picha ya muuza samaki. Akasubiri. Zikaja.

"Hongera dada."

"Nzuri sana dada yetu."

"Mashaallah, kazi nzuri."

Na maua. Na vikopa. Na viganja vinavyopiga makofi. Sharifa akaandika: "Ahsanteni. Sasa niambieni kasoro zake." Innocent akajibu kwamba haina kasoro, iko vizuri, aendelee na moyo huo huo. Lakini Sharifa ana macho. Kwenye picha ile muuza samaki alikatwa utosi, na nyuma yake nguzo ya umeme ilisimama kana kwamba imemwota kichwani. Wanaume wote wale wenye macho makali ya kuona kivuli cha Erasto hawakuiona nguzo!

Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu, na zilizofuata. Erasto anachambuliwa, Sharifa anapewa maua. Na mwisho wa mwaka yanakuja maonyesho ya kundi kwenye ukumbi wa mjini, picha chache tu ndizo zinazochaguliwa. Sharifa alitaka yake itundikwe kwenye ukuta ule. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu utotoni alipocheza chandimu na watoto wa kiume na kukataliwa kupiga penalti. Na mwaka uliotangulia hawakumchagua. Walimpa hongera hadi siku ya kuchagua, kisha wakampita, bila neno.

Basi akaenda kijijini Mtawanya, kwenye ua mmoja ambamo akina mama hubangua korosho kwa moto. Wanazichoma kwenye bati lililotobolewa, mafuta yanawaka, moshi mweusi unapanda, kisha wanakaa chini na kuzigonga moja moja kwa vyuma huku vidole vikiwa vyeusi kwa majivu. Sharifa alisimama nje ya wigo wa makuti, akavuta lenzi, akapiga. Alirudi nyumbani akiitazama picha njia nzima. Hii sasa, alijiambia, hii ndiyo.

Kabla ya kuianika akamwingiza kundini Sudi, mtoto wa mjomba wake, fundi wa pikipiki anayependa kupiga picha za magari kwa simu. Na huku kwao binamu ni mtani. Anakusema unavyostahili na usivyostahili, anakucheka kwenye msiba wako, anakuchukulia kuku wako na kukupigia simu kukuuliza chumvi iko wapi, na huna ruhusa ya kukasirika. Sudi alipoiona picha hakuchelewa.

"Wee Sharifa," akaandika mbele ya wote, "hii picha umeipiga ukiwa Msumbiji? Hawa akina mama uliwaogopa watakudai nini? Mbona unachungulia kama mwizi wa mihogo? Fundi nguo bwana, picha yenyewe imejaa makuti, watu wako wapi?"

Sharifa alicheka mpaka akaacha pedali ya cherehani. Alikuwa ameanza kumjibu kuhusu pua yake alipoona maandishi madogo ya kijivu: Sudi ameondolewa kwenye kundi. Chini yake Innocent aliandika kwamba kundi hili ni la watu wastaarabu, kwamba halitavumilia dada yao kudhalilishwa, na kwamba picha ya dada Sharifa ni nzuri sana. Wakafuata wengine na maua yao.

Sharifa akampigia Innocent simu papo hapo. "Kaka Innocent, yule ni binamu yangu. Mtani wangu. Mrudishe."

"Dada Sharifa, nakuelewa. Ila lugha ile mbele za watu, kwa mwanamke... Mimi kama kiongozi lazima nikulinde."

"Unilinde na nini?"

"Na maneno makali."

"Nani kakuomba?"

Innocent akamwambia atulie, wazungumze siku nyingine akiwa na nafasi. Akiwa na nafasi! Sharifa alikaa na simu mkononi na hasira ikampanda hadi kwenye masikio. Mtu mmoja tu katika kundi zima alikuwa ameitazama picha yake, na huyo ndiye aliyefukuzwa, kwa heshima yake, bila yeye kuulizwa. Sudi alipopigiwa alisema hata wambembeleze kwa pilau harudi, kundi gani hilo la watu wanaoogopa kucheka.

Siku ya kuchagua wakakutana kwenye darasa la kuazima, kila mtu na picha zake zilizochapishwa. Erasto alianikwa mpaka karibu kamasi zimtoke, na picha yake ikachaguliwa. Wakafuata wengine. Sharifa alipoitwa, alisimama akabandika ubaoni picha moja, akakaa.

Wakaitazama. Ilikuwa na rangi ya kijivu sehemu kubwa, na chini kulia kitu cheusi chenye ncha.

"Hongera dada," akaanza mmoja. "Hii umeenda mbali."

"Inafikirisha," akasema mwingine. "Ina upweke fulani hivi."

Innocent akakunja mikono, akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali. "Napenda dada yetu anavyotuachia nafasi ya kujaza wenyewe. Kazi nzuri."

Sharifa akasimama tena. "Hii picha hakuna aliyeipiga. Nilikuwa nashusha kamera begani, ikajipiga yenyewe. Hiyo ni lami, na hiyo ni ncha ya kiatu changu."

Mtu mmoja alikohoa. Innocent akafungua mdomo, akasema, "Hata hivyo, dada, bado ina..."

"Kaka Innocent, usiseme. Tafadhali usiseme." Sauti yake ilipanda na hakuishusha. "Mmenisifia kiatu! Watu wazima, mna kamera za maana, mna macho ya kuona nukta kwenye picha ya Erasto, mnakaa hapa kunisifia lami. Mnaniona mimi ni mtoto? Mnadhani nikiambiwa picha yangu mbaya nitazimia? Mimi naambiwa na mama wa watu kila siku kwamba kola imekaa vibaya, sijafa bado."

Akabandua picha ya kiatu, akabandika ya wabanguaji.

"Sema," akamwambia Innocent. "Hii hapa. Sema ukweli wako."

"Dada Sharifa, nikisema utalia."

"Nitalia. Leso ninayo. Wewe sema."

Innocent alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake lililonyooka, akaivaa. Alipoanza kusema aliutazama ubao, hakumtazama yeye. Akasema picha hii imepigwa kwa woga. Wigo umekula nusu yake, na si kwa makusudi, ni kwa sababu mpigaji hakuthubutu kuingia. Akina mama wanne, na hakuna hata mmoja ambaye mtazamaji anaweza kusema anamjua. Moshi ungeweza kuwa mzuri, lakini kwa mbali vile umekuwa uchafu tu. "Uliwapita, dada. Ulikuwa mpita njia. Hii siwezi kuitundika."

Hakulia. Alihisi kama amepigwa kibao, kisha akahisi hasira mpya, ambayo ilikuwa na mashiko kuliko ile ya kwanza. Kwa sababu maneno yale alikuwa ameshayasoma.

"Hayo ndiyo aliyoyasema Sudi," akasema.

Innocent akairekebisha miwani yake.

"Siku ile unamfukuza, ulikuwa umeshaona kwamba nilikuwa mbali?"

"Nilikuwa nimeona."

"Ulikuwa umeona kwamba anasema kweli?"

"Ndiyo."

"Na ukaandika picha ni nzuri sana!"

"Niliandika," Innocent akasema, na kwa mara ya kwanza shati lake halikumsaidia kitu. "Kwetu nimelelewa kwamba mwanamke hakosolewi hadharani. Nilidhani nakuheshimu."

"Heshima gani hiyo ya kunificha njia?"

Erasto akasema kwa upande wake wigo si tatizo, tatizo ni kwamba amesimama upande wenye jua machoni. Sharifa akamgeukia akamwambia upande wa pili kuna choo. Mwingine akasema basi angengoja jua lishuke. Wakabishana. Wakainuka, wakausogelea ubao, wakaweka vidole kwenye picha, mmoja akamkatiza Sharifa na Sharifa akamkatiza yeye, na hakuna aliyesema hongera. Picha haikuchaguliwa. Alitoka pale kichwa kikimwaka, akatembea hadi nyumbani akimtukana Innocent kimoyomoyo kwa kila alichosema na kukubali kwamba yote ni kweli, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

Siku iliyofuata alirudi Mtawanya. Hakupitia nje ya wigo. Aliingia, akasema shikamoo, na Mwanahamisi, mama mwenye ua wake, akaitikia marahaba na kumtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Si wewe uliyekuwa unatuchungulia? Tukasema huyu ntu wa kodi," Mwanahamisi akasema. "Kaa chini, ntoto wa watu. Hapa hakusimamwi."

Akapewa chuma, akapewa majivu ya kupaka vidoleni, akabangua. Alivunja nyingi vipande vipande na wakamcheka. Kamera haikutoka mkobani siku hiyo, wala siku iliyofuata. Picha za maonyesho zilikuwa zimeshapangwa na alijua hilo.

Siku ya maonyesho alikwenda, mikono yake ina mabaka ya mafuta ya korosho ambayo hayakutaka kutoka. Chumvi ya Erasto ilikuwa katikati ya ukuta, na ilistahili. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa ofisini, alizunguka na msafara wake, akafika mwisho, akauliza kwa sauti ya kufurahisha watu, "Mbona sioni picha ya mwanamke hata moja? Kundi hili halina akina dada?"

Innocent akamwonyesha Sharifa. "Yupo, mheshimiwa. Picha yake tuliikataa."

"Aa, hapana! Mtieni moyo dada yetu. Iko wapi hiyo picha? Itundikwe, nafasi ipo pale karibu na mlango."

Picha ilikuwepo kwenye mkoba wa Innocent, pamoja na zote zilizokataliwa. Aliitoa, akabaki ameishika, akimtazama Sharifa. Watu walikuwa tayari wameanza kupiga makofi. Ukuta alioutaka ulikuwa hatua chache mbele yake, una nafasi nyeupe, na msumari upo.

"Isitundikwe, mheshimiwa," Sharifa akasema. "Hiyo picha ni mbaya."

Makofi yakafifia. Mkubwa akacheka, akidhani ni unyenyekevu. "Usijishushe, dada. Mimi naiona nzuri."

"Ni mbaya," Sharifa akarudia, na sasa alikuwa amekasirika kweli, mbele ya wageni na kamera zao. "Kaka Innocent, mwambie kwa nini."

Innocent akaiinua picha ili wote waione, akaanza na wigo.