Gunia Lililotoa Moshi

Ghala letu lilikuwa la mabati, nyuma ya stesheni ya Nakuru, na ndilo lililotoa mbolea ya mashamba ya wazungu kuanzia Subukia hadi Ndabibi. Tulilitunza watu wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kikuyu, aliyekuwa pale miaka mingi kabla mimi sijatoka Kakamega kutafuta kazi.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Mbolea nyingi hazikuwa na neno, lakini ile nyeupe ya punjepunje, naitreti, aliishika kama mtu anayeshika ng'ombe mkali.

"Hii peke yake imetulia," aliniambia. "Ichanganye na mafuta au unga wa mbao, halafu uipe joto, uone."

Basi tulipanga magunia yake juu ya mbao, mbali na ukuta, na hatukula wala kuvuta sigara mle ndani.

Kisha, kwa sababu ya Mau Mau, serikali ikatangaza hali ya hatari. Asubuhi moja askari walileta lori wakakusanya Wakikuyu wote wa mtaa wetu. Mzee alikuwa anafagia. Aliegemeza ufagio ukutani, akanipa funguo, akapanda lorini bila kuambiwa mara mbili.

Hakuletwa mtu mwingine. Nilifungua peke yangu, nikapanga peke yangu, nikafunga peke yangu. Chakula cha mchana nilikula nje nikiwa nimekaa juu ya kreti, nikitazama mabehewa. Jioni majirani walisogea kando kwa sababu ya harufu ya nguo zangu. Kuna siku zilipita sijasema lolote ila "ndiyo, bwana".

Mvua za masika zilipoanza, kibanda cha mafuta kilivuja. Meneja, mzungu, akaamuru mapipa ya dizeli yaletwe kwangu.

"Bwana, yule mzee alisema mafuta yasikae na naitreti."

"Mzee nakwisha kwenda. Weka hapa."

Niliyaweka pembe ya mbali kabisa. Haikusaidia. Pipa moja lilivuja, na wapagazi wakamwaga unga wa mbao ili ufyonze dizeli. Walipofagia, walizoa pamoja na naitreti iliyomwagika kutoka gunia lililopasuka, wakatia uchafu wote katika gunia moja na kuliegemeza kwenye mabati upande wa jua. Mimi nilikuwa nje nikipokea behewa. Sikuliona likiwekwa, na baadaye lilifanana na magunia mengine.

Siku ya tatu, jua likiwa kali, nilirudi kutoka kula nikasikia kitu kinafoka. Moshi wa rangi ya kahawia ulikuwa ukitoka kwenye lile gunia, hatua chache tu kutoka kwenye naitreti yetu yote.

"Moto! Leteni maji!" nilipiga kelele.

Wapagazi walikimbia kuelekea relini. Siwalaumu. Nilifungua milango yote miwili, nikafunga shati lenye maji puani, nikalivuta gunia kwa reki hadi uani. Huko lilipasuka likawaka. Nilimwaga ndoo baada ya ndoo, hata baada ya moto kufa, kwa sababu sikuamini kwamba umekufa. Kisha nikakaa kwenye matope nikikohoa, na hakuna aliyekuja.

Meneja alifika baadaye. Alilitazama lile gunia jeusi, akatazama mapipa, akavua koti na kusukuma pipa la kwanza nje kwa mikono yake.

Nilimwandikia mke wangu, aliyebaki Kakamega, habari hiyo. Alijibu kwamba ng'ombe amezaa. Ni mtu mmoja tu ambaye angeelewa nilichofanya, nami sikujua yuko wapi. Nilikwenda chumbani kwa mzee nikakuta familia nyingine. Mkewe, waliniambia, alirudishwa Ukikuyu. Nikaenda kituo cha polisi. Karani Mwafrika aliinua macho.

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Tulifanya kazi pamoja."

"Basi rudi kazini. Usiulize tena."

Sikuuliza tena. Nilikaa katika ghala lile miaka mingine minne, na kutouliza kwangu kunaniuma kuliko hiki kifua kilichoharibiwa na moshi ule.