Wasomaji Wangu Wawili wa Nunguni

Niliondoka Tulia Jumamosi asubuhi kwenda kusherehekea chapisho la mia la blogu hii, na kuifunga.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwanamke wa Singida, ninafundisha ushonaji katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tulia, kaunti ya Kitui, Kenya. Mama akinipigia simu na kuniuliza niko wapi, humjibu, “Tulia.” Naye husema, “Nimetulia. Uko wapi?” Ndiyo maana blogu inaitwa Tulia Nikwambie. Niliianzisha ili watu wa nyumbani wajue ninavyoishi ugenini. Walijua mapema, wakaacha kusoma. Alibaki dada yangu, pamoja na wasomaji wawili wa huku waliojiita Mkulima Halisi na Mama Kilimani, ambao kazi yao ilikuwa kugombana chini ya kila nilichoandika.

Nilipoandika kuhusu muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, Mkulima Halisi alisema kuna wanawake wanaoyapika hadi yanakuwa mawe. Mama Kilimani alijibu kuwa kuna wanaume wenye meno ya kulalamikia tu. Nilipoandika kuhusu mbuzi, waligombana. Nilipoandika kuhusu zipu, nikidhani zipu haina ubaya na mtu, waligombana siku tatu.

Basi nilipotangaza kuwa chapisho la mia litakuwa la mwisho, na kwamba ningependa kulisherehekea na msomaji yeyote atakayenikaribisha, ilikuja mialiko miwili, wa Mkulima Halisi na wa Mama Kilimani. Yote ilitoka Nunguni, kaunti ya Makueni. Yote ilisema nitapokewa Sultan Hamud, saa saba mchana. Nilidhani ni majirani.

Kitui mjini nilichukua keki. Mwokaji, Bi Zuhura, aliniuliza aandike nini juu yake. Nikamwambia mia moja.

“Nani anatimiza miaka mia?”

“Blogu.”

Alinitazama kidogo, kisha akaandika 100.

Barabara ya Mombasa ilikuwa na joto lake la kawaida. Nilipakata keki njia nzima. Sukari ililegea, sifuri moja ikateleza hadi pembeni na kuanguka, nikashuka Sultan Hamud nikiwa na keki ya kumi.

Karibu na maduka ilisimama pikapu ya kijivu. Mzee aliyevaa koti la kanisani alishuka upande wa dereva, na mama mwenye kitambaa cha bluu kichwani akashuka upande wa pili.

“Mimi ndiye Mkulima Halisi,” alisema mzee.

“Mama Kilimani ni mimi,” alisema mama.

Nilifurahi. Niliwauliza wamefahamiana wapi.

“Kanisani,” alisema mama.

“Tulioana huko,” alisema mzee.

Walikuwa wazazi wa Ndunge, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye aliwawekea blogu yangu kwenye simu zao kabla ya kwenda kufanya kazi Mombasa. Wote wawili walinichangamkia sana. Hawakusemezana wao kwa wao.

Kupanda milima ya Kilungu nilikaa katikati, keki mapajani.

“Mwalimu, ambia dereva kuna shimo,” alisema Mama Ndunge.

“Ambia huyo mama nimeiona,” alisema Baba Ndunge.

Tukaingia kwenye shimo.

Nunguni kuna baridi ya kweli. Nilivaa sweta mbili, nikakaribishwa mezani. Kabla ya kula, Baba Ndunge aliomba. Alimshukuru Mungu kwa mgeni, kwa mvua na kwa keki, kisha akamwomba amkumbushe mtu fulani kwamba geti la ng'ombe limekuwa wazi tangu asubuhi. Mama Ndunge aliitikia amina, akaongeza ombi lake fupi kuhusu watu wanaofungua mageti na kwenda kusoma simu.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimfuata Mama Ndunge jikoni nimsaidie kumenya viazi.

“Mwalimu,” alisema, “usifunge hiyo kitu.”

Nilimwambia nimefurahi kusikia anapenda maandishi yangu.

“Sijasema hivyo. Ukifunga, nitaongea na huyu mzee wapi?”

Akanieleza. Alipoolewa alipanda miti mitatu ya avokado, ambayo sisi nyumbani tunaiita miparachichi. Mwaka juzi alienda kumuuguza dada yake, na aliporudi akakuta mumewe ameikata apande makadamia, njugu za biashara. Hakusema neno. Ndunge akawa anabeba maneno yao kutoka chumba hadi chumba, na alipoondoka, nyumba ikanyamaza mpaka nilipoandika kuhusu muthokoi.

“Nikimjibu huko kwa simu, namsikia akicheka sebuleni,” alisema. “Anadhani sisikii.”

Baada ya chai, Baba Ndunge aliniita nikaone ng'ombe. Hatukuona ng'ombe. Tulipita nyuma ya zizi hadi kwenye mashina matatu yaliyokatwa, kila moja likiwa na vichipukizi vilivyofungwa kwa vipande vya nailoni.

“Makadamia ilikataa,” alisema. “Hii mashina ikaanza kuchipuka, nikatafuta vijiti vya avokado aina ile yake, nikapandikiza. Imeshika.”

“Ameiona?”

“Tangu niikate hafiki huku.”

“Na hukumwambia?”

“Nilikuwa nangoja uandike mambo ya miti,” alisema, na nikaona ana kinyongo na mimi. “Wewe kila siku ni nguo, mbuzi, zipu.”

“Baba Ndunge, yuko jikoni. Ni hapo tu.”

Alilitazama jiko. Moshi ulikuwa ukitoka.

“Ni mbali,” alisema.

Nilikuwa nimeandaa chapisho la mia kwa majuma mawili. Lilikuwa na shukrani, na maneno mazito kuhusu ugeni. Nililifuta. Nikakaa juu ya ndoo, nikapiga picha ya shina moja na kuandika kwamba mparachichi ukikatwa huweza kuchipuka tena. Nikachapisha. Simu ililia mfukoni mwa Baba Ndunge. Nyingine ililia jikoni.

Baba Ndunge aliandika kwa kidole kimoja, muda mrefu kwa mtu aliyeandika maneno machache hivi: “Nilikosea. Imeota. Kuja uone.”

Simu ya jikoni ililia tena. Nilianza kufikiria usafiri wa kurudi.

Kisha Mama Ndunge akatokea nyuma ya zizi, kisu cha viazi mkononi, akasimama mbele ya mumewe. Nilikitazama kisu.

“Ni gani?” aliuliza.

“Yote tatu.”

“Nionyeshe.”

Mama Ndunge aliinama kwenye shina la kwanza, akaligusa kwa nyuma ya mkono. Nilirudi jikoni nikamalizia viazi.

Jumatatu asubuhi walinishusha hadi Sultan Hamud. Njia nzima walibishana kama nailoni zifunguliwe sasa au baada ya mvua, na hakuna aliyenituma kumwambia mwenzake chochote. Ilibidi nipaze sauti ili nishushwe.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kunisoma miaka miwili bila kujali hata jambo moja nililosema, na bado nikawa nimemfaa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Blogu sijaifunga, maana ilibidi haya niyasimulie mahali.

Chapisho la mia lina jibu moja tu chini yake, lile la Mkulima Halisi. Dada yangu ameniandikia kuuliza kama Mama Kilimani amekufa. Nimemwambia ni mzima. Safari hii alimjibu mzee kwa mdomo.