Sikumpa Shomari Ule Ukindu

Mkosaji ni mimi. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma katikati ya maneno ukalisahau.

Watu wa Mbuchi husema kijiji chao kiliungua kwa sababu ya Shomari, mkimbiaji wa zamu ya mwisho, aliyepokea neno asilifikishe. Wamesema hivyo tangu vita vya Maji Maji mpaka leo. Mimi ndiye niliyewafundisha kusema hivyo. Shomari hakupokea neno lolote.

Jina hilo nimelibadilisha. Langu silitaji kwa ajili ya wanangu tu, maana nyumbani kwangu siri imekwisha.

Nikueleze kwanza mbio zetu zilivyokuwa. Wanaosimulia vita vile husimulia bunduki na dawa, nasi tuliokuwa miguu ya vita hatutajwi. Aliyezipanga alikuwa mtu wa Ngorongo, aliyeongoza misafara ya wapagazi ujanani mwake. Tulimwita Mwenye Njia. Alikuwa na goti bovu na ulimi mkali, na sidhani kama alimsifu mtu hata mara moja.

Aliigawa njia yote, kutoka Ngorongo kupitia Kibiti na Mtawanya hadi Mbuchi, akaweka zamu. Kila zamu alipewa mtu anayeijua ardhi ile. Penye kituo aliweka mtungi wa maji, chungu cha uji wa mtama, na mtu wa tatu wa kushuhudia, mara nyingi mwanamke asiyetiliwa shaka na askari.

Mkimbiaji alishika kipande cha ukindu kilichopigwa fundo. Ukifika unamwambia mwenzako neno sikioni, yeye analirudia, halafu ukindu unatoka mkononi mwako unaingia mkononi mwake mbele ya yule wa tatu. Ukishautoa, neno si lako tena. Hatua moja mbele huruhusiwi.

"Swala hukimbia kujiokoa mwenyewe," alituambia Mwenye Njia. "Nyie si swala. Wewe wa bondeni nikikukuta mikokoni nitakuchapa mimi kabla kaa hawajakula. Fika, toa, lala."

Mara nyingine alituma ukindu usio na fundo, bila neno lolote, kutazama tu kama kila mtu yuko mahali pake. Tuliziita mbio kavu na tulizichukia. Unafika ulimi umekuwa kama gunzi, unakuta mtungi mtupu na mpokeaji amekwenda kutega samaki, na mkononi huna hata habari ya kusimulia. Tulilalamika sana. Waliokaa juu walimlaumu wa chini kwa uvivu, wa chini walimlaumu wa juu kwa kuchelewa, na uji ulioungua haukuwa na mwenyewe.

Mimi nimezaliwa Ngorongo, kwenye mashamba ya mpunga ya bondeni, nikahamia kwa mjomba wangu Mtawanya. Huko nilikamatwa kulima pamba ya jumbe hadi mgongo ukawa si wangu. Vita vilipokuja nilikunywa dawa kama wengine. Zamu yangu ilitoka Mtawanya hadi ukingo wa mikoko. Hapo nilimkuta Shomari, mzaliwa wa Mbuchi, naye alilipeleka neno kwao kwa mtumbwi.

Sasa sikia tamaa yangu ilikokaa. Mkimbiaji wa mwisho ndiye anayeonekana. Mimi nilipewa uji na kugeuka. Shomari alipofika kwao alipokewa kwa vigelegele na wali wa nazi, hata kama mimi ndiye niliyechanwa na miiba. Na huko Mbuchi alikuwako dada yake, Mwanahawa. Nilikuwa nimepeleka posa, baba yao akaikataa.

Asubuhi ile nilipewa ukindu wenye fundo. Neno lilikuwa hili: askari wanashuka kwa mashua maji yakijaa, watoeni wanawake na watoto, mpunga ufichwe.

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Nilipofika ukingoni maji yalikuwa yamepwa. Shomari alikuwa amekalia mtumbwi wake uliopinduliwa, anaumenya muhogo. Mama wa uji, shahidi wa kituo, hakuwako. Mtoto wake aliugua, nilikuja kusikia baadaye. Kituo kilikuwa na sisi wawili tu, jambo lililokatazwa kabisa.

"Umefika, mkulima?" akasema. "Nilidhani ndege wa mpungani wamekuona sanamu wakakutulia."

"Na wewe mla kaa, umekaa tu. Miguu yako hujaitumia tangu utahiriwe."

Akacheka. Tulikuwa tukitaniana hivyo kila siku, na siku zote yaliisha kwa kicheko. Kisha akaongeza, huku kinywa kimejaa muhogo:

"Baba amenituma nikwambie, shemeji wa ndotoni. Anasema binti yake hampi mtu anayefumba macho akipanda mtumbwi. Mwanahawa naye alikuwepo. Alicheka mpaka akaegemea mlango."

Nilijua ni utani. Najua hata sasa. Lakini lile la Mwanahawa kucheka liliniingia mahali ambapo pumzi ilikuwa bado haijarudi.

"Haya, lete neno," akasema, akanyoosha mkono.

Ukindu ulikuwa kiunoni, chini ya shuka. Nikamwambia, "Hakuna neno. Mbio kavu."

"Na ukindu wenyewe?"

"Umedondoka njiani. Nenda kamshtakie Mwenye Njia."

"Atakuchapa," akasema kwa furaha, akanimegea kipande cha muhogo.

Nikaula. Nikamwambia narudi zangu. Nilipopotea machoni pake nikazunguka, nikaishika njia ya wakata boriti. Nilikuwa nimewaona mara nyingi wakitoka humo maji yakipwa, wamebeba miti mabegani, matope hayawapiti magoti. Nilijiambia: nitafika mwenyewe, kwa miguu, mbele ya baba yake. Nitawatoa mimi. Aone nani anaogopa maji.

Kosa langu la pili lilikuwa la mtu wa bondeni. Sisi maji tunayajua kwa mto. Rufiji ukifurika unaujua: unapanda siku baada ya siku, unapata wasaa wa kuhamisha kuku, kuvuna ulichonacho, hata kugombana na mkeo kuhusu nani abebe kinu. Nilidhani na bahari hutoa taarifa namna hiyo. Tena nilikuwa nimekunywa dawa. Maji yatanifanya nini?

Ilikuwa bamvua, maji makuu ya bahari, na mimi sikujua neno hilo maana yake nini mwilini. Njia ya wakata boriti iligawanyika, ikagawanyika tena, kisha ikawa mizizi mitupu. Nikazama hadi mapajani. Nilipokuwa nahangaika kuutoa mguu, niliona maji yananijia kutoka nyuma, kule nilikopita, kimya, yakiwa yamebeba majani makavu. Mbele nako yalikuwa yamekwisha kufunga.

Nikapanda mkoko. Nikakaa juu kama tumbili, ukindu kiunoni.

Kutoka pale niliziona mashua. Maji yaleyale yaliyonizuia mimi ndiyo yaliyowabeba wao. Zilipita karibu kiasi cha kuona askari mmoja akitafuna muwa, anatema makapi majini. Kijiji hakikuwa mbali. Nilisikia mchi ukitwanga. Kama ningepiga ukelele, huenda mchi ungenyamaza. Huenda wangekimbia.

Sikupiga. Niliushikilia ule mti, na mchi ukaendelea kutwanga mpaka bunduki ikaunyamazisha.

Nikuambie niliyoyaona nilipoteremka: nyumba zote za upande wa mlangobahari zimeungua, maghala ya mpunga yanafuka moshi unaonukia kama bisi. Wanaume waliojaribu kupita kwenye tope walipigwa risasi humohumo, wakabaki wamesimama nusu. Wanawake kadhaa walichukuliwa. Baba yake Mwanahawa alikutwa mlangoni mwa ghala lake, mikono imekumbatia kapu.

Mwanahawa alikuwa hai. Alikuwa na masizi usoni na hakuwa akilia.

Waliokimbilia mikokoni ndio walionikuta kwanza, nimejaa tope hadi kifuani. Mwanamke mmoja akasema, "Mtazameni huyu. Alikuwa anatujia kwa miguu." Mwingine akauliza, "Neno lilikuwako, basi? Na Shomari yuko wapi?"

Uongo sikuutunga. Niliukuta umeshaiva, nikaupakua tu. Nikasema, "Nilimpa. Nikaona anasitasita, moyo ukanikataa, ndipo nikaja mwenyewe."

Ule ukindu nilikuwa nimeukanyagia chini ya matope kabla hawajanifikia. Kwa nini niliufukia kama sikuwa nimetunga uongo? Hilo nimejiuliza miaka mingi. Mkono wangu ulijua kabla yangu.

Shomari alikuja moshi ulipoonekana, anapiga kasia kama kichaa. Walimpokea kwa mawe.

Wazee waliobaki walituweka kitako kwenye ua wa msikiti ulioungua. Mwenye Njia aliletwa amebebwa, kwa sababu ya goti.

"Ulipewa ukindu?" akamwuliza Shomari.

"Sikupewa. Aliniambia mbio kavu."

"Sikutuma mbio kavu siku ile."

"Ndivyo alivyoniambia, mzee. Mwulizeni. Yupo hapo." Akanigeukia. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa kama mtu anayengoja utani uishe. "Waambie, bwana. Si ulikula muhogo wangu?"

Mwenye Njia akaniuliza, "Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Shahidi?"

"Mama wa uji hakuja."

Msahafu ulikuwa umeungua, kwa hiyo niliapa kwa kinywa tu. Nikajifariji kwamba kiapo kisicho na kitabu ni chepesi. Mama yake Shomari akavua kanga ya kichwani, akaitandika chini katikati yake na mwanawe, akasema hapo ndipo mpaka. Shomari alifukuzwa siku hiyohiyo. Wengine walisema alinunuliwa na Wajerumani. Hilo sikulisema mimi, lakini sikulikanusha pia.

Ami zake ndio walioniozesha Mwanahawa. Walisema mtu aliyewafuata matopeni amekwisha kutoa mahari. Nikamchukua kwenda Mtawanya.

Baada ya vita ikaja njaa, maana chakula kilichomwa ili sisi tuishe. Tulichimba ming'oko, viazi vya porini, na ilipokwisha tukachimba ndiga, mizizi yenye sumu inayotaka kulowekwa siku nyingi, na wenye haraka walikufa nayo.

Shomari alikuja mlangoni kwetu adhuhuri moja. Alikuwa mifupa na macho. Aliita, "Mwanahawa, dada yangu. Sitaki kuingia. Nipe hata maji ya kulowekea."

Mke wangu akasema, "Nenda ukaombe kwa waliokununua." Akaurudisha mlango.

Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kitandani, nasikia. Kulikuwa na ming'oko miwili jikoni. Nilitazama mikono yangu mpaka hatua zake zikaisha. Siku chache baadaye watu walisema amekutwa amekufa njia ya kwenda Kibiti, na waliomzika walikuwa wapita njia. Kaburi lake silijui. Nimelitafuta, nikakosa wa kuniambia.

Kila mwaka nyumbani kwetu tunasoma khitma ya waliokufa Mbuchi. Mwanahawa humtajia mwalimu majina: baba yake, shangazi yake, majirani. Kaka yake hakumtaja hata mara moja. Wanangu wamekua wakijua kwamba upande wa mama yao kulikuwa na haini mmoja asiyeombewa.

Mwaka huu alikuja mwalimu mgeni. Alipomaliza kusikiliza majina akauliza, kwa adabu tu, "Hakuna mwingine, mama?"

"Hakuna," akasema Mwanahawa.

Nikasema, "Yupo."

Sikujua nitasema. Nilimtoa Mwanahawa nje tukasimama nyuma ya jiko, nikamwambia yote, tangu muhogo hadi mkoko. Nilimwambia na habari ya mchi. Alinisikiliza huku ameshika upawa, na wali ulikuwa unaungua, hakuugeukia.

Nilipomaliza akasema, "Siku ile sikucheka."

Nikamwuliza siku ipi.

"Shomari aliposema baba amekukataa, nami nilicheka. Sikucheka. Nilikuwa ndani nalia. Yeye ndiye aliyekuwa akinitania kwa kulia kwangu, akaapa atakuchokoza mpaka urudi kuposa tena."

Kisha akaingia ndani. Nilisikia akimwambia mwalimu jina la kaka yake kamili, pamoja na la baba na la babu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Nilipotaka kuingia kusoma pamoja nao aliniwekea upawa kifuani.

"Wewe hapana," akasema.

Nilikaa nje na viatu vya wageni. Tangu siku ile tunaishi nyumba moja. Ananipakulia, ananisalimu, ila jina langu halitoki tena kinywani mwake. Ametuma salamu Mbuchi kwamba naja kuwaambia mwenyewe. Nitakwenda. Nimeanza na wewe kwa sababu hunijui, na huo nao ni woga.

Wewe unayesoma, huenda vita yako ni nyingine na mbio zako ni nyingine. Lakini ukikabidhiwa neno la watu, usilitumie kujipamba. Lifikishe mpakani mwako, ulitoe, urudi na uji wako. Na kama umekwisha kumsingizia mtu, usingoje ujasiri, hauji. Mimi niliungoja mlango ukiwa umefungwa na mwenye haki amesimama upande wa pili, anaomba maji. Ilitosha kufungua.